Mwanangu, Daktari, Dada: siku moja maishani mwangu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Naamka kabla simu haijalia. Chai ya rangi, mihogo ya jana, mtoto anatafuta soksi ambayo tayari ameivaa. Saa kumi na mbili na robo niko Kimara nasubiri mwendokasi.

Saa mbili asubuhi. Chumba changu cha kutibu watu kwa mazungumzo kiko Kinondoni, juu ya duka la vifaa vya umeme. Viti viwili vilivyokaa mshazari ili mtu asilazimike kunitazama usoni, feni, boksi la tishu, na saa ya ukutani nyuma ya kiti cha mgonjwa, niione mimi tu. Kochi la kulalia sina. Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, kule Vienna, aliwalaza wagonjwa, yeye akakaa nyuma ya kichwa chao, na mwaka 1913 aliandika waziwazi kwamba hawezi kuvumilia kukodolewa macho kwa muda wa saa nane kila siku. Namwelewa. Ila hapa Dar, mwambie mama wa watu ajilaze kwenye kochi hata salamu hamjamaliza, uone kama hatabeba mkoba wake akaondoka.

Nasema "mgonjwa". Chuoni tulifundishwa kusema "mteja", lakini mjini hapa neno hilo ukilikata kidogo linabaki "teja", yaani mtumiaji wa dawa za kulevya, na nina wawili watatu waliowahi kuitwa hivyo mitaani. Wa leo nimewabadilisha umri, kazi na visa, kwa hiyo mtu asijitafute humu.

Saa tatu. Mzee mstaafu, rika la baba yangu. Freud alitaka mtabibu awe kama kioo, asionyeshe chochote chake. Sasa mzee huyu anapoingia nitakuwaje kioo, wakati lazima niseme shikamoo? Naye anaitikia, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Hajakaa bado, mimi nimeshakuwa binti, yeye baba, na nani amemjia nani limeshasahaulika.

Alikuja kwa sababu hapati usingizi. Anachofanya kila wiki ni kunilea. Anauliza kama nimekula, ananikataza kukaa chini ya feni, na leo ameleta embe sita kwenye mfuko wa khaki. Binti yake wa kumzaa hasemi naye tangu ugomvi wa nyumba. Huo ndio uhamisho: hisia zina mwenyewe kwingine, mtu anazibeba na kuzishusha kwa aliyekaa mbele yake, wala hajui. Freud mwenyewe ulimpita. Msichana wa miaka 18, aliyempa jina la bandia Dora, alimkatishia matibabu mwishoni mwa 1900 baada ya miezi kama mitatu, na katika maelezo aliyochapisha 1905 alikiri kwamba uhamisho hakuuwahi.

Nikamwambia, "Baba, naona kila wiki unahakikisha nimekula."

Akanyamaza. Akaanza kukunja mdomo wa ule mfuko, mkunjo mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka karatasi ikabana na maumbo ya embe yakaonekana. "Alikuwa hali asubuhi," akasema. "Anatoka na njaa." Hakusema nani. Sikuuliza.

Embe nilizipokea. Nitalirudia hilo.

Saa tano. Kijana wa saa tano anaingia saa tano na dakika ishirini na tano. "Foleni, daktari." Udaktari sina, na kumsahihisha nimechoka. Kuchelewa ni mojawapo ya njia za akili kukwepa inachokiogopa. Wenyewe tunaita ukinzani. Taabu ya Dar ni kwamba foleni ipo kweli, kwa hiyo ukinzani haukosi shahidi. Lakini wiki iliyopita tuliishia kwenye kifo cha kaka yake, na leo ndiyo foleni imekuwa kubwa. Dakika zake 50 zilipoisha sikuongeza hata moja. Akakasirika, akasema mimi ni kama wao tu, namfukuza. Wao kina nani? Tumepata pa kuanzia wiki ijayo.

Saa saba. Wali maharage kwa mama ntilie, ambaye ananisimulia mumewe mwanzo mpaka mwisho kisha ananiongezea kachumbari.

Saa tisa. Dada huyu ananitia usingizi, na si kwa sababu ya joto wala wali. Anasimulia msiba wa mama yake kama anayesoma daftari la michango: turubai, viti, mchele, basi la kwenda Singida. Zamani mtabibu aliyejikuta hivi alionekana ana kasoro, akajitibu kwanza. Mwaka 1950 Paula Heimann, mchambuzi wa nafsi aliyekuwa London, akaandika kwamba hisia za mtabibu kwa mgonjwa ni chombo muhimu cha kazi. Basi nikajiuliza usingizi huu ni wa nani.

"Dada, msibani ulilala saa ngapi?"

Akanitolea macho. Hakulala siku nne. Daftari alilishika yeye. Akalia zile dakika saba zilizobaki, tishu hakuzigusa, alitumia ncha ya mtandio.

Saa kumi na moja jioni. Nampigia mwalimu wangu, maana msikilizaji naye ana wa kumsikiliza. Nikamweleza habari ya embe. Nilijiandaa kukemewa. Zawadi ndogo huingia na mambo makubwa, hilo alinifundisha yeye. Badala yake akauliza, "Uliposema shikamoo, ulikuwa unamwamkia nani?"

"Mgonjwa," nikajibu, haraka mno. Akaisikia haraka yangu, akakaa kimya.

Baba yangu yuko Moshi. Sijampigia tangu Agosti.

Saa tatu usiku. Mtoto amemaliza embe mbili, maji yake yamemfika kwenye kiwiko. "Zimetoka wapi, mama?" Za ofisini, nikamwambia. Simu iko mezani, chaji imejaa. Baba hulala saa nne.