"Kasoro kidogo tu, bosi"

Wakuu, kuna ujumbe mmoja wa msimamizi ambao kila mwenye nyumba ya wageni Dodoma anayeishi ughaibuni anaujua kwa moyo: "Wageni wametoka salama bosi, ila kuna kasoro kidogo." Ukidai picha, hiyo kasoro kidogo ni kabati la jikoni limevimba kama andazi, dari ya jipsamu ya ghorofa ya chini imechorwa ramani na maji, na kigae cha sebuleni kimepasuka kwa joto la jiko la mkaa. Na ujumbe umetumwa siku ya tisa tangu watoke.

Kinachouma hapo ni hiyo siku ya tisa kuliko kigae. Airbnb, mtandao tunaopangishia wageni, inampa mwenyeji siku 14 za kudai tangu mgeni atoke, basi. Ulinzi wao unaitwa AirCover na kiwango cha juu kinachotangazwa ni dola milioni 3, namba inayowalevya watu mpaka wanasahau kwamba hiyo siyo bima na hakuna atakayekufuata kukupa. Unafungua dai mwenyewe kwenye Kituo cha Usuluhishi, unataja kitu kimoja kimoja na bei yake, mgeni anapewa saa 24. Akikataa, akilipa nusu au akinyamaza, ndipo unawaita Airbnb wenyewe waingilie. Usimwombe mgeni akutumie M-Pesa pembeni ili "tuyamalize". Unavunja masharti yao na unapoteza haki yako.

Hapa Uingereza (England) mpangaji wa kawaida anaingia na orodha ndefu ya kila doa lililopo ukutani. Dipoziti yake haizidi wiki tano za kodi kwa nyumba nyingi, na mwenye nyumba lazima aiandikishe kwenye mpango wa ulinzi uliothibitishwa ndani ya siku 30. Ugomvi ukitokea, wasuluhishi wa mpango huo wanasoma karatasi na kutazama picha; kama hukupiga picha siku ya kuingia, huna kesi. Kwetu, kupita na simu chumba kwa chumba mbele ya mgeni ni kama kumwita mwizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona gani huku, na fundi anasubiri hela yake?

Basi picha zipigwe kabla mgeni hajafika, usafi ukishaisha. Video moja ya dakika tatu hivi: fungua kila kabati, washa kila taa, geuza godoro pande zote mbili, fungua koki. Mgeni akitoka, irudiwe kwa mpangilio uleule siku hiyohiyo. Msimamizi asikutumie kama picha za kawaida za WhatsApp, maana zinabanwa na kumbukumbu ya tarehe na saa inafutika. Atume kama faili, au apakie kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Risiti ndiyo inayowaangusha wengi. Fundi wa Nzuguni ataandika "kazi ya choo 180" kwenye karatasi ya daftari. Mtu aliyekaa Dublin au Manila anayesoma dai lako ataelewa nini hapo? Nunua vifaa dukani kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kisha fundi aandike makadirio yanayotenganisha vifaa na ufundi, yenye jina, simu, tarehe na saini. Eleza pia mambo ambayo wewe unayaona ya kawaida. Vigae vya 60 kwa 60 kwa kawaida vinauzwa kwa boksi la vinne, mita za mraba 1.44, kwa hiyo kigae kimoja kilichopasuka kinakugharimu boksi zima. Usipoliandika hilo, watakulipa robo.

Sasa maji. Dodoma hasara kubwa haitokani na walevi, inatokana na mgao. Mgeni anafungua koki, hakuna kitu, anaiacha wazi, anawahi treni ya SGR. Usiku maji yanarudi, sinki lina mabaki ya wali, linafurika mpaka asubuhi. Mbao za kabati ni za kubandikwa. Zikilowa hazikauki zikarudi, zinafumuka. Dai hili unashinda tu ukionyesha kwamba baada ya mgeni kutoka hakuna mtu mwingine aliyeingia. Dawa yake ni rahisi: msimamizi afunge valvu kuu nusu saa baada ya mgeni kutoka.

Shawa ya maji moto ina hadithi nyingine. Elementi ikitoka na ganda jeupe, hiyo ni chumvi ya maji yetu ya visima, ni uchakavu, usiidai. Utakataliwa, na madai yako mengine yatatazamwa kwa jicho baya. Hata kwenye vitu halali wanaangalia umri: sofa la miaka sita lililounguzwa na pasi hulipwi bei ya sofa jipya.

Kamera za ndani zisahau, Airbnb ilizipiga marufuku tangu Aprili 30, 2024, hata za sebuleni. Ya getini inaruhusiwa ukiitangaza kwenye maelezo ya nyumba, na ndiyo itakayokuonyesha kwamba "watu wanne" walikuwa tisa.

Wageni wanaokuja kwa kupigiana simu, wale wa msimu wa Bunge la bajeti, hawana AirCover. Hao chukua dipoziti kabla ya kukabidhi funguo, na karatasi ya ukurasa mmoja: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya gari, idadi ya watu, orodha ya vitu, saini. Televisheni ikiibwa, nenda polisi upate RB, namba ya taarifa yako. Ikivunjwa kwa bahati mbaya, polisi watakwambia hiyo ni madai; pitia kwa mwenyekiti wa mtaa, ikishindikana ni Mahakama ya Mwanzo. Huko mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kama kielelezo.

Na wewe unayejiandaa kuondoka huku umeshapaua nyumba yako Ilazo: mpe msimamizi hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili kabla hujapanda ndege. Kuitafuta kutoka huku kupitia ubalozi ni nauli, likizo ya kazini na foleni. Halafu mlipe mshahara. Shemeji anayekaa bure ndiye anayeandika siku ya tisa, na huna mdomo wa kumuuliza.

Weka pia boksi moja la vigae vilevile chini ya ngazi. Toleo likiisha dukani huipati tena rangi ile.