Uwanja Mkubwa, Mashabiki Wachache: Tuwaketishe Wapi?

Uwanja wenye nafasi ya watu 60,000 unapoingiwa na watu 4,000, swali la kwanza la kujiuliza ni hao 4,000 wameketi wapi. Swali la kwa nini wengine hawakuja ni zito na lina majibu mengi, lakini halijibiki kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, mechi ikiwa inaendelea. Swali la mahali pa kuketi linajibika siku hiyo hiyo, kwa gharama ndogo, na ninaamini kwamba hapa Nairobi tumelipuuza kwa miaka mingi. Watu 4,000 waliokaa pamoja hufanya kelele ambayo mchezaji anaisikia hadi mifupani. Watu hao hao wakitawanywa katika majukwaa yote ya Kasarani, uwanja wetu mkubwa, kila mmoja hujiona ameachwa peke yake, na wiki inayofuata anabaki nyumbani.

Nimelitafakari jambo hili zaidi tangu nilipoanza kusoma habari za viwanja vya vyuo vikuu vya Marekani. Huko, futiboli yao, ile inayochezwa kwa mikono na mpira wa umbo la yai, hujengewa viwanja vikubwa kuliko vyote tulivyo navyo Afrika Mashariki. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, una nafasi ya watu 107,601, na wa Alabama unazidi 100,000. Hivyo ndivyo vinavyoonyeshwa kwenye televisheni, na mtu anaweza kudhani kwamba kila chuo cha Marekani hujaza uwanja wake kila Jumamosi. Ukweli ni kwamba vyuo vingi vimerithi viwanja vilivyojengwa kwa matumaini ya zama nyingine, na sasa vinatafuta namna ya kuishi navyo.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston. Mwaka 1950 chuo hicho kilijenga uwanja wa watu 70,000, na ulikamilika katika muda usiofika mwaka mmoja. Rice ni chuo kidogo mno, kiasi kwamba wanafunzi wake wote, hata wangeingia uwanjani siku moja, wasingejaza robo ya viti. Kwa nini basi walijenga uwanja mkubwa hivyo? Houston ilikuwa ikikua kwa kasi, ilikuwa haijapata timu ya kulipwa, na timu ya Rice ndiyo iliyokuwa fahari ya mji mzima. Katika uwanja huo, tarehe 12 Septemba 1962, Rais John F. Kennedy alitoa hotuba yake mashuhuri ya kwenda mwezini, na ndani yake aliitaja hata mechi ya Rice dhidi ya Texas. Januari 1974 Super Bowl, fainali ya futiboli ya kulipwa, ilichezwa papo hapo. Lakini timu ya kulipwa ya Houston ilikuwa imekwisha kuanza kucheza mwaka 1960, na mwaka 1968 ikahamia Astrodome, uwanja wenye paa na hewa baridi. Mapenzi ya mji yakahama pamoja nayo, huku viti vya zege vikibaki pale pale, karibu na mabweni ya wanafunzi.

Rice ilichukua zaidi ya miongo mitatu kabla ya kufanya jambo rahisi. Mwaka 2006 walifunika kwa maturubai viti vya nyuma ya magoli na kupunguza nafasi hadi watu 47,000. Hawakubomoa chochote, na siku ya mechi kubwa maturubai yanaweza kuondolewa. Nafasi hiyo bado ilizidi mahitaji yao kwa mbali, lakini ninauheshimu uamuzi wenyewe, kwa sababu chuo kilikubali hadharani kwamba uwanja ulikuwa umewazidi mashabiki wake na kikawasogeza pamoja wale kilichokuwa nao.

Wengine walichukua njia ya gharama kubwa zaidi. Stanford, ambayo uwanja wake wa mwaka 1921 ulikuwa na nafasi ya zaidi ya watu 85,000, iliubomoa mara tu msimu wa 2005 ulipomalizika nyumbani, na kufikia Septemba 2006 ilikuwa na uwanja mpya wa watu 50,000 usio na njia ya riadha kati ya mashabiki na mchezo. Tulane, ya New Orleans, ilicheza kwa miongo kadhaa katika Superdome, jumba la zaidi ya watu 70,000, hadi ilipojenga uwanja wake wa watu 30,000 ndani ya chuo mwaka 2014. Sisi hatuna fedha za kubomoa Kasarani, wala sioni sababu ya kuibomoa, kwa hiyo njia ya Rice ndiyo inayotufaa.

Kuna njia mbili za Wamarekani ambazo singependa kuziona hapa. Ya kwanza ni kuhesabu tiketi badala ya kuhesabu watu. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zilitaka vyuo vya daraja la juu la futiboli vifikishe wastani wa mashabiki 15,000 kwa mechi angalau mara moja katika kila miaka miwili. Kanuni kama hiyo humfundisha msimamizi kutafuta idadi kabla ya kutafuta mashabiki. Mwaka 2018 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba tiketi zilizosomwa na mashine milangoni zilikuwa kama asilimia 71 tu ya mahudhurio yaliyokuwa yakitangazwa. Msimamizi asiyejua idadi ya kweli ya watu wake hawezi kuwapangia viti, vyoo wala walinzi. Njia ya pili ni ile iliyoanzishwa Alabama mwaka 2019, ambapo wanafunzi walipewa programu ya simu iliyofuatilia mahali walipo, ili wanaobaki uwanjani hadi robo ya nne wapate pointi za kuwasaidia kupata tiketi za mechi kubwa. Kumfuatilia shabiki kwa simu yake ili asiondoke mapema ni kukiri kwamba hujapata sababu nyingine ya kumfanya abaki.

Nirudi nyumbani. Kasarani ilifunguliwa mwaka 1987 kwa ajili ya Michezo ya Afrika Nzima, na mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, Gor Mahia ilitoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia katika uwanja huo, ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini baada ya sare ya 2-2 kule Tunis. Tangu hapo tumeiona Kasarani ikifurika kila linapotokea jambo kubwa: Julai 2017, siku ya mwisho ya mashindano ya dunia ya riadha ya vijana wa chini ya miaka 18, na Agosti 2025, timu yetu ya taifa, Harambee Stars, walipocheza CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, mbele ya majukwaa yaliyojaa nyimbo. Watu wapo na wanaijua njia ya Thika Road. Kinachohitaji kupangwa ni ile Jumapili ya kawaida, timu mbili za katikati ya jedwali zinapokutana, Ligi Kuu ya Uingereza ikiwa kwenye runinga ya kila baa kutoka Roysambu hadi Kayole.

Mtu akitazama mechi kama hiyo kwenye televisheni, huona uwanja mtupu kuliko ulivyo. Sababu yake haizungumzwi vya kutosha. Katika viwanja vingi kamera kuu huwekwa upande wa magharibi, kwenye jukwaa kuu, ili jua la alasiri liwe nyuma ya mpiga picha. Upande huo ndio wenye kivuli, na mashabiki wenye busara hufuata kivuli. Matokeo yake ni kwamba karibu watu wote wamekaa chini ya kamera, mahali isipoweza kuwaona, huku picha inayoenda majumbani ikiwa ya jukwaa la mashariki lililoungua jua bila mtu. Mtazamaji aliye nyumbani huamini kwamba mechi haina watu, na mdhamini huamini vivyo hivyo. Wachezaji nao, ambao muda mwingi hutazama pande zote, hupata nusu ya uwanja isiyosema neno.

Basi tukubali kuwavusha watu upande wa mashariki, tukijua kwamba hawatavuka kwa kuamrishwa. Shabiki atavuka ikiwa tiketi ya huko ni rahisi, ikiwa kuna kivuli, hata cha mahema ya kukodi kwenye safu za juu, ikiwa maji na chai vinauzwa karibu, na ikiwa wapiga ngoma wa timu yake wamekaa huko. Ngoma ndiyo yenye nguvu kuliko yote hayo. Mashabiki wa Gor Mahia na wa AFC Leopards huwafuata waimbishaji wao popote wanapokwenda, na msimamizi mwerevu angezungumza na viongozi wa mashabiki siku kadhaa kabla ya mechi, kwa heshima, akiwaomba wachague sehemu moja na kuikalia.

Heshima hiyo ni ya lazima. Niliwahi kumkuta mzee mmoja uwanjani Nyayo, ameketi peke yake mbali na wenzake, nikamwuliza, "Mzee wangu, mbona usisogee huku tulipo?" Akanijibu bila kuondoa macho kwenye mpira, "Kijana, mimi na marehemu kaka yangu tulikuwa tukikaa hapa. Nyinyi ndio mngesogea." Alikuwa na haki. Viti vina historia ya watu waliovikalia, na mpango wowote unaofunga sehemu ya uwanja bila kuuliza ni nani huketi pale utawafukuza wale wale waliobaki waaminifu timu ilipokuwa haifungi bao. Sikupata jibu la kumpa, ila nilihamia karibu naye, na wawili wengine wakanifuata.

Utaratibu ninaoupendekeza ni wa kufungua uwanja sehemu kwa sehemu. Ghorofa ya juu ifungwe kabisa kwa mechi za kawaida. Chini, zifunguliwe sehemu mbili zinazopakana, moja ya wenyeji na nyingine ya wageni, pamoja na jukwaa kuu kwa wanaotaka kukaa kwa utulivu. Sehemu ikikaribia kujaa, ifunguliwe inayofuata, na walinzi wake wawe tayari wamesimama hapo. Kila sehemu inayobaki imefungwa inapunguza gharama za walinzi, za kufagia na za vyoo, na fedha hizo zinaweza kwenda kwenye vyoo vya sehemu zilizo wazi, ambavyo kina mama wengi hunieleza kuwa ndivyo vinavyowazuia kuja na watoto. Jambo hili la vyoo lingestahili makala yake, maana shabiki aliyeshindwa kumpeleka mtoto msalani hatarudi hata tiketi ikiwa ya bure.

Kuhusu kufunika viti, ninayakubali maturubai ikiwa yatabeba rangi za ligi au picha za wachezaji wetu wa zamani, na yafungwe vizuri, kwa kuwa turubai lililochanika huonekana vibaya kuliko kiti kitupu. Wajapani walipata ufundi mwingine katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo, ambao viti vyake vina rangi tano zilizochanganywa, hivi kwamba ukiutazama kwa mbali unadhani umejaa. Ufundi huo ulisaidia sana mwaka 2021, Olimpiki ilipofanyika bila watazamaji. Ni ufundi mzuri wa macho, ila mchezaji anayepiga kona hahitaji rangi nyuma yake. Anahitaji sauti.

Ndiyo maana ningependa sehemu moja, iliyo mkabala na kamera, itengewe shule na akademia za mitaa ya Kariobangi, Mathare, Githurai na Dandora, waingie wakiwa na walimu wao na waondoke kabla ya foleni ya matatu kuwa ndefu. Sipendi kufungua milango bure kwa kila mtu, kwa sababu aliyelipa shilingi 200 ataona amefanywa mjinga. Watoto ni jambo jingine. Kiti kilichokaliwa na mtoto wa miaka kumi leo kina nafasi ya kulipiwa na mtu huyo huyo kwa miaka arobaini ijayo, na klabu haipotezi chochote kwa kumpa kiti ambacho hakikuwa na mnunuzi.

Haya yote yana uzito zaidi sasa, kwa kuwa tunaongeza uwanja mwingine wa watu 60,000, wa Talanta, kando ya Ngong Road, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 tutakaloliandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Ninafurahi kwamba ni uwanja wa soka pekee, usio na njia ya riadha ya kumtenga shabiki na mchezo. Lakini fainali hizo zitakwisha Julai 2027, na baada ya hapo uwanja utaanza maisha yake ya Jumapili za kawaida. Kabla ya siku hiyo kufika, wanaohusika wawe wameamua ghorofa ya juu itafungwa vipi bila kuzima taa na maji ya ghorofa ya chini, mashabiki 5,000 wataingilia lango gani, kamera itaelekea upande upi, na wapiga ngoma watapewa sehemu ipi. Ningeanza majaribio Nyayo msimu ujao, kwa mechi chache, tukihesabu waliopita milangoni na kutangaza idadi hiyo kama ilivyo.