Maswali ya kawaida

Mwaka 2015 nilikuwa na miaka 24, na chama kilinipa ukatibu msaidizi wa kata kwa sababu mbili tu: mwandiko wangu ulisomeka na nilikuwa na kompyuta. Kata yetu iko chini ya milima ya Uluguru, kule ambako ndizi na karoti hushuka alfajiri vichwani mwa akina mama kwenda soko la Morogoro. Chama chenyewe sikitaji. Wenzetu wa upande wa pili nao wana visa vyao vinavyofanana na hiki, wameshanisimulia.

Uchaguzi ulikuwa Oktoba, lakini miezi mitano kabla maneno yalikuwa yameshaanza kuchemka. Siku moja kwenye mkutano wa hadhara wa wapinzani, mzungumzaji wao akasema wanawake wa chama chetu vyeo wanavipatia chumbani. Kesho yake ofisi ilifurika. Mwenyekiti alipiga meza hadi chai ya rangi ikamwagikia daftari la mahudhurio. Nikaagizwa kuandika tamko. Nililiandika kwa muda usiozidi saa moja, na niseme ukweli, nililipenda. Mstari wa mwisho ulisema: "Udhalilishaji wa mwanamke hauvumiliki popote." Hilo neno "popote" nililipigia mstari.

Aliyelisoma kwenye kipaza sauti, pale kijiwe cha bodaboda, ni mama mmoja tuliyezoea kumwita Mhazini, maana ndiye aliyeshika fedha za VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, miaka yote na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba imepungua hata mia. Alisoma taratibu, kama anayehesabu hela. Wanaume wa chama wakapiga makofi, mmoja akamtuza noti ya elfu tano.

Wiki mbili baadaye fomu za udiwani zikatoka, Mhazini akachukua.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia minong'ono. Kwamba mama yule amepatwa na nini. Kwamba si angesubiri viti maalum, zile nafasi za wanawake zisizopigiwa kura na wananchi? Viti maalum kwetu vilikuwa jibu la kila kitu. Theluthi ya madiwani, huko bungeni si chini ya asilimia 30, nafasi zipo, sasa kata anaitakia nini? Wasichosema ni kwamba jina la viti maalum hupangwa kwenye orodha na chama, na anayepanga ndiye unayemnyenyekea miaka mitano.

Kamati ya chama ya kuwasaili wagombea ilikaa Jumamosi. Tulikuwa tisa, wanaume saba na wanawake wawili. Katibu alikuwa msibani, kwa hiyo kalamu nilishika mimi. Wagombea walikuwa watatu. Wa kwanza, mfanyabiashara wa mbao, aliulizwa ataisaidiaje shule ya kata. Akaahidi mifuko ya saruji, akapigiwa makofi, akatoka. Yule bwana ana wake wawili na watoto sikumbuki wangapi. Hakuna aliyeuliza nani anabaki nao.

Akaingia Mhazini, kanga ya chama kiunoni, fomu ndani ya bahasha ya kaki. Swali la kwanza lilitoka kwa Mwenyekiti.

"Mama, baba watoto anajua uko hapa?"

Akajibu anajua.

"Amekuruhusu?"

Mzee mmoja upande wa dirishani akadakia: kampeni ni za usiku, utakuwa unarudi na nani? Watu wakacheka. Mmoja wa wale wanawake wawili wa kamati akacheka pia, kisha akajifanya anatafuta kitu kwenye pochi. Mzee aliyeuliza ni Mluguru halisi. Shamba analolima amelipata kwa ukoo wa mama yake, kama wenzake wengi pale mlimani, na bila huyo mama asingekuwa na pa kupanda hata mchicha.

Sifa za diwani nilikuwa nazo mbele yangu, nimezichapa mwenyewe: raia, umri usiopungua miaka 21, mkazi wa eneo, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, mwenye njia halali ya kujipatia kipato, aliyedhaminiwa na chama. Nilizipitia kwa kidole mara mbili. Ruhusa ya mume haikuwamo. Sikunyanyua mkono.

Mhazini aliwaacha wamalize kucheka.

"Mwenyekiti, lile tamko nililisoma mimi. Liliandikwa 'popote'. Naomba kujua, popote ni wapi?"

Feni ikaendelea kulia. Mwenyekiti akasema tusichanganye mambo, wale walikuwa wametutukana, sisi hapa ni familia, tunaulizana kifamilia. Halafu akatazama saa, akasema mgombea anayefuata.

Usiku ule nikaandika muhtasari. Nilianza kuyaandika maswali yote kama yalivyoulizwa. Nikafuta. Nikamfikiria Mwenyekiti akiusoma, nikafikiria na nafasi niliyokuwa nikiitamani wilayani. Mwishowe ikabaki sentensi moja: "Mgombea wa pili aliulizwa maswali ya kawaida na akayajibu." Nikaenda kulala.

Kwenye kura za maoni, ambazo chama huchagulia mgombea wake, Mhazini alitoka wa pili. Mtu wa mbao alishinda, na Oktoba akawa diwani. Saruji ilifika, siwezi kumnyima haki yake, ingawa haikufika yote.

Mhazini nilikutana naye Novemba, mvua za vuli zimeanza, amesimama kwenye kibaraza cha duka akisubiri mvua ipungue, ndoo ya nyanya miguuni. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia. Nikajikuta namwambia kwamba muhtasari wa siku ile niliuandika mimi.

"Najua," akasema. "Niliuona ofisini, nilipofuata risiti ya fomu."

Nikakosa la kusema.

"Na lile tamko pia uliandika wewe, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Akainama, akaipanga vizuri nyanya iliyotaka kudondoka.

"Una mwandiko mzuri," akasema. Akajitwika ndoo yake, akaondoka mvua ingali inanyesha.