Kwa nini binti yangu anasoma kwa Waanglikana
Binti yangu anasoma shule ya kutwa ya Kanisa la Episcopal hapa Houston, yaani Waanglikana wa Marekani. Sisi ni Waislamu, na dada yangu aliyeko Tanga aliniuliza kulikoni. Nilipenda hili: kwenye ibada ya asubuhi wanaketi pamoja, Myahudi, Mhindu, Mkristo, na hakuna anayelazimishwa kupokea komunyo. Kinachonigusa zaidi ni mitihani. Chini ya karatasi yake ya hesabu ameandika kwa penseli, herufi zimelala upande, kwamba hakusaidia wala hakusaidiwa, kisha akatia sahihi. Ana miaka 12! Ada ni kubwa mno. Natamani ufadhili uwafikie watoto wengi zaidi. Jumamosi wanapanga makopo ya chakula kwa wahitaji, naye huamka kabla yangu.