Siku 15 tangu muhuri ulipogongwa

Nilipomaliza LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili kule Kampala, nilirudi Arua, nikapata nafasi kwenye kampuni ndogo ya mawakili ambayo wateja wake wakubwa ni serikali za mitaa: wilaya na mabaraza ya miji ya huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Sikuwa nimeapishwa bado, kwa hiyo sikuruhusiwa kusimama mbele ya jaji. Kazi yangu ilikuwa mafaili, rasimu na kupeleka nyaraka.

Mtu akikushtaki wewe, wito unaupokea mwenyewe na siku hiyohiyo unatafuta wakili. Wilaya ikishtakiwa mambo ni mengine. Wito unafika masijala, unagongwa muhuri, unaandikwa kitabuni, unapelekwa ofisini kwa CAO, yaani ofisa mtendaji mkuu wa wilaya, naye yuko safarini Kampala. Akirudi anaandika pembeni "shughulikia", karatasi inashuka kwa ofisa wa ujenzi ili atoe maelezo, na hapo ndipo inapolala. Kumbe zile siku 15 za kuwasilisha utetezi zinakwenda tangu wilaya ilipopokea, hata kama sisi mawakili hatujui kitu.

Faili la kwanza nililokabidhiwa lilikuwa la mzee aliyedai fidia. Barabara ya kwenda kituo cha afya ilipanuliwa, ikachukua miembe yake saba na kipande cha shamba la muhogo. Ilikuwa Alhamisi. Nikageuza wito nyuma, nikasoma tarehe ya muhuri, nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Siku ya 11. Zimebaki nne, na kati yake Jumamosi na Jumapili.

Bosi wangu alisoma, akaniambia, "Mwanangu, usiandike usichokiona. Nenda."

Ijumaa asubuhi na mapema nilipanda boda na ofisa wa ujenzi, tukamchukua mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, njiani. Visiki vilikuwepo kandokando ya barabara, vimeanza kuchipua, vingine vinene kiasi kwamba mikono yangu miwili haikuvizunguka. Nilivihesabu: saba. Mzee alitoka akatutolea viti chini ya mwembe uliosalia. Kwa kuwa alikuwa na wakili wake, sikuweza kuzungumza naye habari za kesi. Nilimwamkia, nikanywa maji aliyonipa, nikaaga. Mpaka leo nayakumbuka yale maji.

Mchana tulirudi wilayani kupekua. Fomu ya tathmini tuliipata, ina miembe saba na dole gumba la mzee. Hati ya malipo hatukuipata, kwa sababu hakuna aliyelipa. Ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ya haki na ya kutosha ilipwe kabla ardhi ya mtu haijachukuliwa. Je, ningeandika utetezi wa kukana kila kitu, kama ilivyo desturi ya wengi? Bosi alikataa, nami nilifurahi alivyokataa. Fedha za wilaya ni za wananchi, na mzee yule naye ni mwananchi. Tulikubali miti, tukabishania kiasi tu, maana alichodai kilizidi sana orodha ya viwango vya fidia ya Bodi ya Ardhi ya Wilaya. Jumatatu alasiri utetezi ukapokelewa mahakamani. Upatanishi, ambao kanuni za mwaka 2013 zinaulazimisha kabla ya kesi kusikilizwa, ulimaliza shauri kwa vikao viwili.

Baada ya hapo nilinunua daftari gumu. Kila Jumatatu na Alhamisi nilizunguka masijala za wateja wetu, nikaomba kitabu cha nyaraka zinazoingia, nikatafuta neno "mahakama" mstari kwa mstari. Nikiliona, napiga picha ya muhuri kwa simu, naandika tarehe, halafu naweka siku ya 10 kuwa ndiyo mwisho wetu wa ofisini. Mama wa masijala moja mwanzoni alinitazama kama mpelelezi. Yeye Mkakwa, mimi Mnubi, tukazungumza Kiswahili. Nikamweleza kwamba wito ukipotea, lawama itaanzia kwenye kitabu chake. Wiki ya tatu alianza kunipigia mwenyewe: "Wakili, imekuja nyingine." Sikuwa wakili bado, lakini kwake nilikuwa. Ninaamini kabisa kwamba mwanagenzi anayehudumia wateja wa serikali amjue mtu wa masijala kabla ya kumjua jaji.

Malipo ya mzee yalisubiri bajeti mpya inayoanza Julai. Kila nilipokwenda kwa CAO na daftari langu niliuliza pia habari ya miembe saba, hata siku ambayo sikuwa na faili jingine lolote. Mwezi wa nane nilimkuta mzee sokoni Arua, amebeba kiunoni mzigo wa miche iliyofungwa kwa gunia bichi. Alinishika mkono akasema, "Zimeingia."