Wanaodharau Kazi ya Kusafisha Dhahabu

Juzi, hapa Firenze, Italia, mgeni mmoja mwenye cheo alisimama mbele ya chemba yetu ya ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa, akanisikiliza kidogo, kisha akamgeukia mwenzangu Mwitalia na kumwuliza mtafiti mwenyewe yuko wapi, kwa kuwa mimi alinidhania fundi wa kusafisha vipande vya dhahabu. Nilimjibu kwa adabu, lakini neno lile limenikaa rohoni. Tuliotoka Afrika Mashariki tumekwisha kuzoea kudhaniwa hivyo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alidharau kazi ambayo bila hiyo fani yetu ya sumaku za molekuli isingepiga hatua.

Mwaka 1993 watafiti wa mji huu, wakiwemo Roberta Sessoli na Dante Gatteschi, walionyesha kwamba molekuli yenye atomu 12 za manganisi, ikipozwa hadi kelvini chache tu, yaani karibu na baridi ya mwisho kabisa, hushika mwelekeo wake wa sumaku kwa muda mrefu bila kusaidiwa na jirani zake. Likazuka tumaini kwamba siku moja kila molekuli itahifadhi taarifa yake peke yake. Ila molekuli iliyofungiwa ndani ya fuwele haisomeki moja moja. Sharti ilazwe juu ya uso wa metali kama dhahabu, na huko ndiko mambo yalikoharibika, kwa sababu manganisi ile ikigusa dhahabu hupokea elektroni, na kumbukumbu yake, yaani ule mwelekeo wa sumaku inaoushika, hutoweka. Ilipofika mwaka 2009 ndipo watafiti wa hapa na washirika wao walipothibitisha kwamba molekuli yenye atomu 4 za chuma, iliyoshikizwa kwenye dhahabu kwa salfa, hubaki na kumbukumbu hiyo katika baridi ya chini ya kelvini 1.

Sasa fikirini uso huo unavyotakiwa kuwa. Katika shinikizo la sehemu moja ya milioni ya milibari, ambalo kwa mtu wa kawaida ni ombwe tupu, gesi iliyobaki huweza kuufunika uso wote kwa takribani sekunde moja. Ndiyo maana tunashuka mara elfu kumi zaidi, ili tupate saa chache za kufanya kazi. Dhahabu hupigwa kwa ayoni, yaani atomu zenye chaji, za gesi ya arigoni, hupashwa moto ili atomu zijipange upya, halafu hupigwa tena, na kazi hiyo hurudiwa hadi hadubini ionyeshe ngazi za atomu zilizonyooka. Anayeharakisha hapa atapima uchafu na kuuita ugunduzi. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe, na ninajivunia kwamba mikono yangu inaiweza.

Wadogo zangu mnaoandika kuomba nafasi za uzamivu, msitazame jina la chuo peke yake. Ulizeni heli ya kimiminika, ile inayopoza mitambo, inalipwa na nani, maana bila fedha hizo mtambo hukaa bure huku mkataba ukiyoyoma, na kibali cha kuishi huufuata mkataba. Ulizeni pia saa za sinkrotroni, mtambo mkubwa wa kutoa mionzi mikali ya kupimia, hugawanywa vipi, kwani huombwa kwa ushindani na hutolewa chache. Malipo ya mtafiti yanatosha kuishi. Mwenye kutegemewa na familia kubwa apige hesabu kabla ya kupanda ndege.

Na kazi bado ipo. Mwaka 2016 ilionekana kwamba molekuli zenye metali ya terbi, ambazo kumbukumbu yake hudhoofika mno zikiwa juu ya metali tupu, huihifadhi vizuri zaidi zikitenganishwa na metali ya fedha kwa tabaka jembamba la oksidi ya magnesi. Mwaka 2018 ilitangazwa molekuli yenye metali ya disprosi inayotunza kumbukumbu hadi kelvini 80, yaani juu ya kiwango cha kuchemka cha nitrojeni, ambayo ni rahisi kupatikana kuliko heli. Lakini hiyo ni chumvi inayoharibiwa na hewa, wala haikubali kufukizwa kirahisi ndani ya ombwe ili itue juu ya uso ikiwa nzima. Atakayeilaza salama atatoka miongoni mwetu sisi wasafishaji.