Siku moja maishani mwangu: andika kwanza, ndipo umimine

Saa 11 alfajiri nabandika birika. Ndani limeota ukoko mweupe, kaboneti ya kalsiamu, maana kisima chetu kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Kaboneti nyingi haziyeyuki kwenye maji, isipokuwa za sodiamu, potasiamu na amoniamu.

Saa 1 na nusu niko maabara, napima nitrati ya risasi na iodidi ya potasiamu.

Saa 3, kidato cha tatu. Sharti langu ni moja: hakuna kumimina kabla ya kuandika kitakachotokea. Vimiminika vyote viwili, yaani chumvi hizo zilizoyeyushwa majini, havina rangi, kama maji. Ioni, yaani chembe zenye chaji, zikibadilishana wenzi tunapata nitrati ya potasiamu na iodidi ya risasi. Nitrati zote huyeyuka, chumvi za potasiamu karibu zote huyeyuka, kwa hiyo mashapo, kile kigumu kisichoyeyuka, ni iodidi ya risasi. Wanaandika, wanamimina: njano nzito kama kiini cha yai! Nachukua kidogo, naongeza maji, napasha moto mpaka njano inapotea kabisa. Kisha tunangoja. Testi tyubu inapoanza kupoa, vipande vyembamba vinameta na kushuka polepole kama vumbi la dhahabu. Darasa zima kimya. Kila mwaka naionyesha, na kila mwaka nami nainama kutazama.

Kijana mmoja ananyoosha mkono. "Mwalimu, chumvi ya mezani na kloridi ya fedha zote chaji ni 1 kwa 1. Mbona moja haiyeyuki?" Swali zuri mno. Ioni zinang'ang'aniana ndani ya fuwele, maji yanazivuta zitoke. Anayevuta zaidi ndiye anashinda. Fedha na klorini zimeshikana kuliko chaji zinavyoonyesha, kwani zinachangia pia elektroni. Gramu 100 za maji huyeyusha gramu 36 hivi za chumvi ya mezani. Lita nzima huyeyusha takriban miligramu 2 tu za kloridi ya fedha. Ndiyo maana kanuni hizi za kipi huyeyuka na kipi hakiyeyuki hazitoki kwenye chaji peke yake. Watu walijaribu, wakaona, wakaandika.

Saa 8 nasahihisha. Wengi wamesahau kuwa salfeti ya bariamu haiyeyuki. Kesho nitawaambia kuwa ioni za bariamu ni sumu, lakini mgonjwa hunyweshwa salfeti yake apigwe eksirei ya tumbo na hadhuriki, kwa kuwa haiyeyuki.

Saa 10 mabaki ya risasi yanaingia kwenye ndoo yenye mfuniko. Kwenye sinki, kamwe.

Saa 2 usiku nakamulia ndimu ndani ya birika. Ukoko unatoa mapovu.